Kupiga profaili ya ampu: mlio halisi wa gitaa la umeme kwa laptopu na saundi kadi

Mpiga gitaa akilalamika kwamba profaili ya ampu inalia kama plastiki, kosa kwa kawaida halimo ndani ya faili. Limo kabla yake, kwenye nguvu ya sauti inayotoka gitaani na kuingia kwenye saundi kadi (kifaa kinachounganisha gitaa na laptopu), au limo baada yake, kwenye kabineti (boksi la spika) na spika. Mwongozo huu unaifuata njia yote, kuanzia jeki ya gitaa mpaka mikisa ya ukumbini, na katikati unaeleza namna ya kuipiga profaili ampu mliyo nayo wenyewe, ya kanisa au ya bendi. Umeandikwa kwa mazingira ya Arusha na Moshi: umeme wa volti 230 unaopanda na kushuka, vyumba vya mazoezi vyenye paa la bati, na mitambo ya ukumbini iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Profaili ni nini

Profaili ni picha ya ampu ikiwa katika mkao mmoja. Sauti maalumu ya majaribio inaingizwa kwenye ampu, kinachotoka kinarekodiwa, kisha programu inalinganisha kilichoingia na kilichotoka mpaka ijue ampu inaitendea nini sauti ndogo, ya kati na kubwa. Kemper, kampuni ya Ujerumani, ndiyo iliyoifanya kazi hii ijulikane kwa wapiga gitaa kwa kifaa chake cha Profiler kilichotambulishwa 2011. Baadaye zikaja Quad Cortex ya Neural DSP na ToneX ya IK Multimedia. Ipo pia Neural Amp Modeler, kwa kifupi NAM, iliyoanzishwa na Steven Atkinson. Hiyo ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Mac, na ndiyo tutakayoitumia hapa. Kanuni za kiwango cha sauti, kabineti na maiki ni zilezile kwa vifaa vyote, ila mafaili hayaingiliani: profaili ya Kemper haifunguki kwenye NAM.

Kwa kuwa ni picha ya mkao mmoja, kuna mambo mawili ya kushika tangu mwanzo. La kwanza, vitufe vya besi, midi na trebo unavyoviona kwenye NAM si vitufe vya ampu ile. Vinafanya kazi baada ya profaili, kama ikwalaiza ya mikisa. Ampu iliyopigwa profaili ikiwa na geini kubwa, yaani sauti imekuzwa mpaka inakwaruza, haitakuwa klini (safi) kwa kugusa vitufe hivyo. Tafuta profaili nyingine ya ampu hiyohiyo yenye geini ndogo.

La pili ni kubwa zaidi kwa muziki wetu. Profaili haiwezi kushika kitu kinachobadilika kadiri muda unavyokwenda. Korasi, dilei, tremolo na mwangwi havinaswi. Roland JC-120, ampu iliyotoka 1975 na kupendwa kwa uklini wake, inajulikana sana kwa korasi yake ya spika mbili. Profaili yake itakupa uklini ule, lakini korasi utaiongeza mwenyewe baada ya profaili. Anayepiga sebene akapakua profaili ya klini na kuona ni kavu, asidhani ameletewa kitu kibovu. Sehemu ya pili ya mlio haijawekwa bado.

Vifaa

Laptopu yenye Core i5 na RAM ya GB 8 inatosha. Saundi kadi iwe na pembejeo ya gitaa, ile iliyoandikwa INST au Hi-Z. Hapa hakuna njia ya mkato. Pikapu ya gitaa, yaani sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi, inataka kuona ukinzani wa takriban ohm 1,000,000 mbele yake. Ukiichomeka kwenye pembejeo ya laini, ambayo kwa kawaida ni ohm 10,000 hadi 20,000 hivi, trebo inakufa ndani ya waya kabla programu haijaona kitu, na hakuna ikwalaiza itakayoirudisha. Kigeuzi cha kuchomeka gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu kina kasoro hiyohiyo, na juu yake ucheleweshaji. Kama saundi kadi yako ina kitufe cha kuchagua LINE au INST, kiangalie kila unapoketi, kwa sababu hujibonyeza kirahisi ikiwa ndani ya begi.

Kebo ya gitaa ya mita 3 hadi 5 inafaa. Kila mita inaongeza kapasitansi na kupunguza trebo kidogo, na kebo ya mita 10 utaisikia wazi kwenye pikapu za koili moja.

Sikiliza kwa hedifoni zilizofunga sikio au spika za studio. Spika za redio ya nyumbani na zile za bluetooth zina besi ya kuongezwa, na bluetooth inachelewesha sauti kiasi kwamba huwezi kupiga kwa wakati.

Kuweka programu

Sakinisha kwanza draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako; hiyo ni kwa Windows, kwenye Mac huihitaji. Kisha sakinisha NAM. Inafunguka yenyewe bila programu nyingine, au inaingia kama plagini kwenye Reaper, programu ya kurekodi ambayo inakupa siku 60 za majaribio bila kukatwa kitu. Kwa jukwaani Reaper ni bora, maana utahitaji kuongeza korasi na dilei.

Weka sampo 48,000 kwa sekunde. Weka bafa, yaani idadi ya sampo ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzitoa, iwe 128. Sampo 128 ukizigawa kwa 48,000 unapata milisekunde 2.7, ukijumlisha kuingia, kutoka na kazi ya saundi kadi yenyewe, nyingi zinafika milisekunde 8 hadi 12. Sauti hewani inakwenda kama sentimeta 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwenye ampu. Hilo mkono unalizoea. Ukisikia sauti inakatikakatika kama redio isiyoshika stesheni, panda mpaka 256, na funga kivinjari. Usipande hadi 512 ukidhani ni salama zaidi: rizimu ya haraka itaanza kubaki nyuma ya ngoma, na wenzako watasema hupigi kwa wakati.

Kiwango kinachoingia

Kama una dakika chache tu za kusoma, soma sehemu hii.

Ampu inapasua sauti kulingana na nguvu ya umeme inayoipokea. Ukiongeza desibeli 6 umeiongeza volti mara mbili, na ampu iliyokuwa klini inaanza kukwaruza. Profaili inafanya vivyo hivyo, kwa sababu imejifunza kutoka kwa ampu. Sasa, ile geini ya saundi kadi ambayo tumefundishwa kuipandisha mpaka taa iwe ya kijani kibichi, hapa inageuka kuwa sehemu ya ampu. Watu wawili wenye profaili moja, mmoja ameweka geini saa sita na mwingine ameizima kabisa, wanapiga ampu mbili tofauti. Huyu atasema faili ni zuri, yule atasema ni takataka.

Fanya hivi. Shusha geini ya pembejeo ya gitaa mpaka chini kabisa. Fungua volyumu na toni za gitaa zote. Piga kodi ya E kwa nguvu zako zote, jinsi utakavyopiga wimbo ukipamba moto, na uangalie mita. Ikiwa haigusi nyekundu, acha geini hapo chini. Usijali kwamba mita inaonekana ndogo. Kurekodi kwa biti 24 kuna nafasi ya kutosha.

Kisha tafuta kwenye kijitabu cha saundi kadi namba ya kiwango cha juu cha pembejeo ya gitaa, inayoandikwa kwa dBu (kipimo cha volti ya sauti), tuseme +12. Fungua mipangilio ya NAM, andika namba hiyo na uwashe urekebishaji wa kiwango cha kuingia. Kama aliyepiga profaili naye aliandika kiwango chake ndani ya faili, programu itafidia tofauti yenyewe na utapata geini ileile aliyoisikia yeye. Namba hiyo ni sahihi tu geini ikiwa chini kabisa. Ukiigusa, hesabu imeharibika.

Mafaili mengi hayana taarifa hiyo. Hapo tumia mkono. Chagua profaili ya ampu iliyo mpakani, isiyo klini kabisa wala isiyokwaruza sana. Piga nyuzi kwa nyama ya kidole: ziwe klini. Piga kwa piki kwa nguvu: sauti ianze kupasuka pembeni. Shusha volyumu ya gitaa mpaka 6: irudi klini. Kama haipasuki kabisa hata ukipiga kwa nguvu, ongeza kitufe cha Input cha NAM desibeli 2 kwa wakati. Kama inapasuka hata kwa kidole, punguza. Mkono ukishaanza kuiongoza ampu, umefika. Andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na jina la gitaa, maana gitaa lenye hambaka (pikapu ya koili mbili) na lile la koili moja hayatakuwa na namba moja.

Kabineti: kosa linaloharibu watu wengi

Spika ya gitaa ya inchi 12 si kama spika ya muziki. Celestion Vintage 30, ambayo ni maarufu sana, kampuni yenyewe inaiandikia masafa ya Hz 70 hadi 5,000. Juu ya hapo inashuka kwa kasi. Ukali wote wa ampu iliyopasuka unaokaa juu ya Hz 6,000 unachujwa na karatasi ya spika. Ukiiondoa spika hiyo kwenye njia, unabaki na sauti ya nyuki ndani ya kopo.

Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma aina ya profaili. Zile za ampu pekee, bila kabineti, zinahitaji faili la kabineti, linaloitwa IR, ambalo ni faili dogo la WAV unalolipakia kwenye nafasi yake chini ya NAM. Zile kamili zimerekodiwa na maiki mbele ya spika, na kabineti imo tayari. Ukiweka IR juu ya profaili kamili umepitisha sauti kwenye spika mbili mfululizo, na itasikika kama ampu iliyofunikwa blanketi. Nyuki maana yake kabineti haipo. Blanketi maana yake zipo mbili. Kwa dalili hizo mbili utatibu sehemu kubwa ya matatizo bila kugusa ikwalaiza.

Pendelea profaili za ampu pekee na IR yako mwenyewe. Kabineti na mahali pa maiki hubadilisha mlio kuliko kubadilisha ampu, na ukiwa na IR tatu au nne nzuri unaweza kuigeuza profaili moja iwe ya solo au ya rizimu. Kwa gitaa klini la dansi na sebene, anza na kabineti ya spika mbili za inchi 12 iliyo wazi nyuma. Inatoa hewa na haijazi besi. Ile ya spika nne iliyofungwa nyuma ni ya roki nzito, na kwenye sebene inagombana na gitaa la besi.

Kuipiga profaili ampu yenu

Ampu ikiwa ya transista au ya valvu, kazi ni ileile, lakini ya valvu ina onyo lisilo na mjadala: isiwashwe wala kupigwa bila spika au kizigo (kifaa kinachokaa mahali pa spika) cha ukinzani sahihi, kwa mfano ohm 8 kwa tundu la ohm 8. Transfoma ya kutolea sauti itaungua. Wala usichomeke tundu la spika moja kwa moja kwenye saundi kadi, hata kwa sekunde. Hapo panatoka wati, siyo ishara ya laini. Na usifungue boksi la ampu ya valvu kama hujafunzwa, kwa kuwa kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

Unahitaji saundi kadi yenye angalau pembejeo moja ya maiki na matokeo mawili, maiki ya dainamiki ya aina ya SM57, stendi, na kisanduku cha riampu. Kisanduku hiki kinaishusha sauti ya laini iwe kama ya gitaa na kuibadilisha ukinzani. Kama hukipati, DI boksi pasivu (kisanduku kisichotumia umeme, kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa) ikigeuzwa kinyume, sauti ikiingilia upande wa XLR na kutokea kwenye jeki ya gitaa, inafanya kazi, mradi uanze na volyumu ya chini sana.

Chagua wakati. Umeme wa jioni, kila nyumba ikipika na kuwasha taa, huteremka, na ampu ya valvu huhisi jambo hilo: inalegea na kupasuka mapema. Asubuhi umeme hutulia zaidi. Kama mna stabilaiza, itumieni, lakini si jenereta ndogo, ambayo volti yake huyumba kila mzigo unapobadilika. Ampu iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani ipite kwenye transfoma ya kushushia, na angalia wati zake zizidi za ampu.

Angalia na mbingu. Chini ya bati, mvua ya masika kati ya Machi na Mei inafuta kazi nzima, na hata manyunyu ya asubuhi ya Arusha mwezi wa Julai yanaingia kwenye maiki ampu inapokuwa katika sehemu zake za kimya. Zungushia ampu magodoro mawili kwa umbo la V, na tundika blanketi zito nyuma ya maiki. Lengo ni kuzuia kuta zisirudishe sauti, kwa sababu mwangwi wa chumba nao ni kitu cha muda ambacho profaili itashindwa kukielewa.

Sasa fuata hatua hizi.

1. Zima friji, feni, chaja za simu na taa za LED zilizo karibu. Chomoa chaja ya laptopu ufanye kazi kwa betri. Chaja ni chanzo kikubwa cha mlio wa nzi kwenye nyaya. Ule mngurumo mzito wa Hz 50 au 100 unaobaki hutokana na waya wa ethi. Usikate pini ya ethi ya plagi kwa sababu yoyote. Tumia swichi ya kuinua ethi iliyo kwenye DI boksi au kisanduku cha riampu.

2. Washa ampu na uiache ipate moto, dakika 20 kwa ya valvu. Zima riveb, korasi na kila peda ya muda. Zima pia noizi geti, ile inayonyamazisha kelele usipopiga.

3. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampu na utafute mlio unaoupenda. Ukiridhika, piga picha ya vitufe kwa simu na usiviguse tena.

4. Weka maiki sentimeta 2 hadi 3 kutoka kwenye wavu, ikitazama pale kifuniko cha katikati ya spika kinapokutana na karatasi. Mulika tochi ya simu kupitia wavu uone mpaka huo. Kuelekea katikati sauti inakuwa kali, kuelekea ukingoni inakuwa nzito. Sogeza sentimeta moja moja huku mwenzako akipiga na wewe umevaa hedifoni. Hatua hii istahili nusu saa nzima, kwa sababu utakachokiacha hapa ndicho kitakachobaki kwenye faili milele.

5. Rekodi gitaa lako sekunde 30 kupitia pembejeo ya INST, geini ikiwa chini kabisa. Kisha urudishe rekodi hiyo kupitia riampu kwenye ampu. Rekebisha kiwango cha riampu mpaka ampu ilie na kupasuka sawasawa na gitaa lilipokuwa limechomekwa moja kwa moja. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa ukilinganisha. Ukipita hatua hii, profaili itakuwa na geini isiyo ya ampu yenu.

6. Pakua faili rasmi la majaribio la NAM. Ni WAV ya mono, sampo 48,000, biti 24, ya dakika 3 na sekunde kama 10, sawa na MB 27 hivi. Liweke kwenye Reaper bila kubadilisha volyumu, bila kufifisha mwanzo au mwisho. Likitumwa WhatsApp, litumwe kama hati. Likitumwa kama sauti linabanwa na halifai tena.

7. Cheza faili huku ukirekodi maiki. Kilele cha rekodi kiwe karibu na desibeli -6 kwenye mita, kamwe kisiguse sifuri. Katika dakika hizo 3 hakuna mtu kutembea, kuongea wala kufungua mlango. Umeme ukiyumba katikati, rudia.

8. Hifadhi rekodi kama WAV ya mono, 48,000, biti 24, yenye urefu uleule wa faili la majaribio. Usiikate ile kimya ya mwanzo. Ndani yake kuna milio mifupi ambayo programu inaitumia kupima ucheleweshaji.

Mafunzo na namba ya kosa

Laptopu ya kawaida itachukua saa nyingi kufundisha profaili. Tumia Google Colab, ambayo inakukopesha kompyuta yenye kadi ya michoro bila malipo, au tovuti ya TONE3000. Pakia faili la majaribio na la kwako, acha mizunguko 100, na uchague ukubwa wa kawaida. Ukubwa mdogo zaidi ni wa laptopu dhaifu tu. Faili litakalorudi lina mwisho wa .nam na ni chini ya MB 1, kwa hiyo bando linaliwa kwenye kupakia, siyo kupakua.

Mwishoni utaona namba iitwayo ESR, yaani kiasi cha kosa kikilinganishwa na sauti. Chini ya 0.01 ni nzuri sana, na ampu klini zinafika huko kirahisi. Ampu yenye geini nyingi ikitoa 0.03 bado inapigika vizuri. Ikifika 0.1 kuna kitu kimekosewa, na kurudia mafunzo hakutasaidia. Rudi kwenye rekodi. Ikiwa grafu inaonyesha mistari miwili inafanana ila imepishana pembeni, rekodi imesogezwa au kukatwa mwanzoni. Ikiwa programu inakataa mapema ikisema sehemu zinazorudiwa hazilingani, kuna korasi au tremolo iliyosahaulika, au umeme uliyumba. Ikiwa kosa liko zaidi kwenye vilele, umegonga sifuri wakati wa kurekodi. Na kama kila kitu kiko sawa lakini ESR imekwama kwenye 0.05 kwa ampu klini, shuku chumba: sogeza godoro, sogeza maiki karibu na wavu.

Jina la faili liandike likiwa na habari: ampu, mkao wa geini, maiki, kabineti imo au haimo, na kiwango cha dBu. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Mlio wa solo na rizimu

Mpangilio wa kuanzia ni huu: kompresa nyepesi (inayoshusha sauti inapozidi), profaili klini au ya mpakani, IR, ikwalaiza, korasi, dilei, riveb. Kompresa ikae kabla ya profaili, uwiano 3 kwa 1, ishushe desibeli 3 hadi 4 tu unapopiga kwa nguvu. Kwenye ikwalaiza kata chini ya Hz 100 kwa solo na Hz 120 kwa rizimu, na kata juu ya Hz 7,000. Mkato huo wa juu ndio unaoondoa ule ukali wa kidijiti ambao watu wanausikia na kushindwa kuutaja.

Magitaa mawili yasitumie profaili moja. Mkifanya hivyo, yanakaa sehemu moja ya masafa na fundi mitambo atapandisha hili, kisha lile, mpaka mwimbaji asisikike. Rizimu ipewe ampu klini yenye midi kidogo na pikapu ya katikati. Solo ipewe ile ya mpakani, pikapu ya nyuma (iliyo karibu na daraja), ikiinuliwa desibeli 2 karibu na Hz 1,500. Korasi iende taratibu, mzunguko wa Hz 0.5 hadi 0.8, na mchanganyiko usizidi asilimia 30. Dilei ifuate mwendo wa wimbo: kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na robo tatu yake ni 375. Hiyo 375 ikiwekwa kwa sauti ndogo inazijaza nafasi kati ya noti za sebene bila kuzivuruga.

Kwenda ukumbini

Mlio uliotengenezwa kwa hedifoni usiku nyumbani hautakuwa mlio huo ukumbini. Sikio likisikia sauti ndogo hupoteza besi na trebo, kwa hiyo nyumbani utaziongeza, na ukumbini zitafurika. Fanya marekebisho ya mwisho kwa sauti kubwa, kupitia spika za ukumbi zenyewe, siku ya mazoezi.

Sauti ikienda kwenye mikisa, IR iwe imewashwa. Ikienda nyuma ya ampu ya gitaa kwenye tundu la RETURN, izime, kwa sababu spika halisi ya gitaa iko pale. Kutoka saundi kadi pita kwenye DI boksi, kisha XLR mpaka mikisa. DI inalinda matokeo ya saundi kadi dhidi ya volti 48 za maiki na inakata mngurumo wa ethi. Mwambie anayesimamia mitambo mapema, kabla hajaweka chaneli: “Fundi, hii inakuja kama laini, kabineti imo tayari. Naomba uanze na ikwalaiza ikiwa katikati, na 48 izimwe.” Akizoea kwamba gitaa linakuja likiwa limekamilika, hatalibana trebo kwa mazoea ya magitaa yaliyochomekwa makavu.

Laptopu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, masasisho yazimwe, na sauti za arifa ziondolewe kabisa. Ujumbe ukiingia katikati ya maombi utasikika kwenye spika zote. Chagua mpango wa umeme wa nguvu kamili, maana laptopu inayojibana ili kutunza betri ndiyo inayokatikakatika. Betri iwe imejaa hata kama chaja ipo, ili umeme ukikatika na mitambo ikahamia jenereta, usianze kuwasha programu upya mbele ya watu.

Na kwa wanaotoka Moshi kwenda kupiga Arusha: barabara ni kilomita 80 hivi, lakini unapanda zaidi ya mita 500 na baridi inabadilika. Toa gitaa kwenye begi mara mnapofika, liache nusu saa, ndipo utuni. Nyuzi zilizotuniwa kwenye joto la Majengo, Moshi, zitapanda zikipata baridi ya Sakina, Arusha.

Hifadhi kila wimbo kama faili lake la Reaper, na uweke nakala ya mafaili ya .nam na IR kwenye flashi ndogo ndani ya begi la gitaa. Laptopu ikigoma, flashi hiyo na laptopu ya mwenzako iliyokwisha sakinishwa NAM vinakurudisha jukwaani, ukikumbuka kuweka tena ile namba ya Input uliyoiandika kwenye karatasi.